Kitambaa Juu ya Mashine ya Vifaranga

Ijumaa, 2 Oktoba 1998

Hatimaye imeongea! Nimewasha swichi asubuhi, nikasubiri, nikakohoa, nikasubiri tena — mara herufi za kijani hizo kwenye skrini: JOTO 24.1. Baada ya muda: JOTO 24.2. Nikashika kipimio chake cha joto kwa vidole viwili, namba ikaanza kupanda. Nikacheka peke yangu sebuleni kama mwehu.

Benigna akauliza kutoka kibarazani, kwenye cherehani yake, nacheka nini. Nikamwambia bodi inaongea. Akasema haya, ikimaliza kuongea niiulize kama imeshakula, maana mimi mwenyewe chai ya asubuhi sijanywa.

Niandike mambo yalivyo, kichwa changu siku hizi kinavuja. Bodi ni kompyuta nzima iliyobanwa kwenye ubao mmoja, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Haina kioo wala vitufe. Kazi yake ni kupima joto la sanduku la mayai, kuwasha balbu likipungua, kuzima likizidi. Inachokiona inakituma kwa waya hadi kwenye skrini kuukuu niliyonunua Dar, herufi moja baada ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya sukari ile miaka ya taabu. Bodi na skrini lazima ziende spidi moja. Zikipishana kidogo tu, unachosoma ni takataka.

Spidi hiyo inatokana na kristali, kidude kidogo kinachoipigia bodi mapigo. Yangu ilipasuka kwenye basi. Songea nzima hakuna nyingine. Basi Osmund — tulikuwa mafundi simu pamoja mpaka shirika lilipotupunguza, sasa anatengeneza redio soko la Majengo — amenifungia mapigo ya muda kwa rezista na kapasita. Anayaita mapigo ya kienyeji. Nilikuwa na wasiwasi nayo. Lakini leo yamepiga vizuri.

Jumamosi, 3 Oktoba

Mayai yameingia sandukuni!

Mimi mwenyewe nisingepata hata moja. Nani ampe mayai yake mzee aliyepunguzwa kazi, ayaweke kwenye sanduku la mbao lenye balbu? Ni Benigna. Kumbe Alhamisi alisimama kwenye jumuiya, baada ya sala, akasema mume wangu ana mashine ya kutotolea vifaranga, leteni mayai ya kuku wenu, yakiharibika nifuateni mimi. Hakuniambia. Nimeambiwa leo na Mama Otilia, mwenyekiti wao, alipoleta kapu kichwani. Akasema, "Mkeo amekudhamini, Baba Noela. Sasa usituaibishie mwenzetu."

Kila mama ameweka alama yake kwa penseli — msalaba, nyota, duara. Mama Otilia ameandika jina lake zima, yai zima limejaa herufi.

Kuanzia leo tunahesabu siku ishirini na moja. Vifaranga wa kununua wanakuja kwa basi kutoka mbali, nusu wanafika wamekufa. Wangu watazaliwa hapa hapa Bombambili.

Nilimuuliza Benigna kwa nini hakuniambia kuhusu jumuiya. Akasema nilikuwa nimeinamia hicho kidude changu, asingenipata hata angepiga kengele.

Jumanne, 6 Oktoba

Leo sijui niandikeje.

Lazima nianzie nyuma. Tulipopunguzwa kazi, mimi na Benigna tulikubaliana kiinua mgongo kitanunua televisheni. Mtaa mzima watu walikuwa wanaanza kufunga madishi. Kabla sijasafiri kwenda Dar kufuata, yeye alishaanza kudarizi kitambaa cha kuifunika. Kitambaa cheupe, maua ya zambarau na majani, pindo la kufuma kwa mkono. Kila jioni, miezi. Uzi wa zambarau aliufuata Peramiho kwa sababu wa hapa mjini ulikuwa unachuja.

Nikarudi na katoni kubwa. Akalifungua mwenyewe. Akaiona skrini, akafurahi. Nikaiwasha. Akaangalia zile herufi za kijani, akauliza hii ni stesheni gani.

Hakugombana. Afadhali angegombana! Alikikunja kitambaa, akakiweka kwenye sanduku lake chini ya vitenge vya harusi. Tangu hapo hatujakitaja. Mashine yangu imekaa sebuleni uchi, wakati redio imefunikwa, meza imefunikwa, viti vimefunikwa mgongoni na mikononi, hata mtungi una kitambaa chake. Kila kitu cha nyumba hii kimevaa isipokuwa kitu changu. Nilielewa. Mgeni yeyote mwanamke akiingia alielewa pia.

Leo mchana natoka uani kunawa, narudi — kitambaa kipo. Maua ya zambarau yametandazwa juu ya skrini na juu ya bodi, maana bodi nimeiweka juu ya skrini, waya wenyewe mfupi. Mbele amekunja kidogo ili herufi zionekane. Kimepigwa pasi, mikunjo ya miaka yote ile imetoka.

Yeye yuko kibarazani anashona sare za shule. Cherehani inakwenda. Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Kimependeza." Akasema, bila kuinua kichwa, "Vumbi la Oktoba baya."

Nimefurahi. Basi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Asubuhi sawa. JOTO 37.7, JOTO 37.7, raha tupu. Baada ya chakula cha mchana — J~T? 3x.}}. Halafu mstari mzima wa alama za kuuliza. Halafu kitu kama meno ya msumeno.

Nimezima, nimewasha. Ikaanza vizuri kidogo, ikaharibika tena. Kuingia magharibi imerudi yenyewe.

Waya naushuku. Kesho.

Ijumaa, 9 Oktoba

Si waya. Nimetengeneza mpya, nimechomelea upya pini zote, hasa ile ya ethi, maana ikilegea hiyo herufi huyumba. Asubuhi safi. Mchana takataka.

Nimepima umeme unaoingia kwenye bodi kwa mita. Umetulia, hauchezi. Benigna ameona nimelala chini ya meza, miguu nje. Akauliza kama ni mimi ninayesubiri kuanguliwa.

Kinachonitisha si skrini. Skrini ikiongea upuuzi hakuna anayekufa. Lakini sijui kama upuuzi uko kwenye kuongea tu au uko kwenye bodi yenyewe. Kama akili yake imevurugika, inaweza kuacha balbu zikawaka moja kwa moja, na mayai ya akina mama yakawa ya kuchemsha. Na mimi nimekaa mbele yake nasoma meno ya msumeno.

Jumapili, 11 Oktoba

Jana mchana sawa. Leo kutwa nzima sawa! Tumerudi misa ya pili, nimekimbilia skrini kabla sijavua koti. JOTO 37.7. Saa tisa, jua linachoma bati — JOTO 37.7. Sijagusa kitu.

Nikamwambia Benigna bodi hii Mkatoliki, Jumapili haifanyi ukorofi. Akacheka kweli, yule mcheko wake wa zamani wa kujishika kiuno. Alikuwa anapiga pasi. Jumamosi hufua vitambaa vyote vya nyumba na kuvitia wanga wa muhogo, Jumapili jioni pasi, Jumatatu vinarudi mahali pake. Tangu tuoane ni hivyo. Hata siku ya kumzaa Noela wetu alifua kwanza.

Tumekula ugali na dagaa Nyasa. Siku nzuri.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimeisifia mapema mno. Leo mchana imeharibika kuliko siku zote.

Nimechukua kipimajoto cha homa cha Benigna kabatini. Akauliza nani mgonjwa. Nikasema mayai. Nimekiingiza sandukuni kwenye katundu, nikasubiri, nikakitoa. Joto la mtu mzima mwenye kihoma kidogo — ndilo linalotakiwa hasa! Nimepima tena alasiri skrini ikiwa imechafuka kabisa. Hivyo hivyo.

Kwa hiyo bodi inafanya kazi, akili timamu. Ni ulimi tu unaoteguka. Nimepumua.

Hata hivyo kipimajoto hiki ni cha kukung'uta kila mara ndipo kishuke, na sanduku lazima nilifungue, joto linatoroka. Siwezi kukitegemea siku zote. Zaidi siku za mwisho — yai likianza kudonolewa, sanduku halifunguliwi hovyo. Hapo nitahitaji skrini kama macho.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimeifunga skrini kwenye baiskeli nikaipeleka kwa Osmund. Nikaunganisha pini ya kutuma na ya kupokea kwa kipande cha waya, ili ninachoandika kitoke na kunirudia mwenyewe. Nikaandika BENIGNA kwa vitufe vya skrini. Ikarudi BENIGNA. Nikaandika mara nyingi, spidi ileile, nusu saa, skrini imepata moto — kila mara BENIGNA, bila kosa. Osmund akasema wengine wanaandika majina ya wake zao kwenye miti.

Basi skrini nzima, waya mzima, umeme mzima. Osmund anadhani ni mapigo yake ya kienyeji. Rezista na kapasita hazipendi joto, anasema, mapigo yanachelewa, spidi zinapishana. Nikamwambia Jumapili jua lilikuwa kali kuliko leo na ilisoma vizuri kutwa. Akakuna kidevu. Akasema ameagiza kristali ya kweli kwa kondakta wa basi la Dar, tuombe.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mama Otilia amekuja bila taarifa. Shikamoo, marahaba, kiti, maji. Macho yake hayatoki kwenye skrini, na saa hizo za mchana skrini ilikuwa vurugu tupu.

Akauliza, "Inasemaje hiyo?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijapata neno, Benigna akadakia kutoka kibarazani, "Inasema wazima, mama. Ni lugha ya mashine."

Mama Otilia akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akasifia kitambaa. Akashika pindo, akaligeuza aone upande wa nyuma, wanavyofanya wao, akasema mkono wa Benigna haujazeeka. Akasema sasa nyumba hii ina mashine kweli.

Alipoondoka, Benigna akaja akasimama mbele ya skrini, mikono kiunoni. Akaniuliza polepole, "Ni wazima?" Nikamwambia nimepima, nimemulika kwa tochi, mishipa inaonekana, vifaranga wengine wanacheza. Akarudi kwenye cherehani.

Amesema uongo kwa ajili yangu mbele ya mwenyekiti wake. Sijazoea.

Jumapili, 18 Oktoba

Safi tena. Kutwa nzima.

Nilitoka nje na kiti, nikae kivulini nifikiri kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa: kinachobadilika ni nini? Jumamosi mchana na Jumapili kuna nini ambacho siku nyingine hakipo? Umeme uleule. Jua lilelile. Sanduku lilelile.

Mbele yangu kamba ya nguo. Vitambaa vya nyumba nzima vinaning'inia, vimekakamaa kwa wanga. Cha redio. Vya viti. Cha mtungi.

Cha zambarau.

Nimekiangalia muda mrefu sana. Upepo haukuwapo hata kidogo, na hakikutikisika. Kinene, kimetiwa wanga, tundu zote za ufumaji zimeziba. Chini yake skrini inayotoa moto kama jiko, na katikati bodi yangu maskini, imefunikwa gubigubi.

Sijafurahi. Fundi akikamata kosa hufurahi. Mimi nimekaa pale mpaka Benigna akaja kuanua, akauliza kama jua limenipiga.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimehakikisha. Asubuhi amekirudisha, amenyoosha pembe kwa kiganja. Mchana herufi zimeanza kuvunjika. Alipokwenda dukani kununua vifungo nikakiondoa, nikaipepea bodi kwa gazeti. Punde: JOTO 37.7. Nikakirudisha kabla hajafika kona ya nyumba. Nilikiweka vibaya — ua kubwa linakaa kushoto. Ameingia, amekiona, amekigeuza.

Nimwambie? Ni sentensi moja. Mama Noela, kitambaa chako kinaichoma mashine. Nimeijaribu kimoyomoyo kwa namna zote na kila namna inatoka vilevile. Miaka miwili nimesubiri alifungue lile sanduku lake. Amelifungua, na mimi nimwambie akirudishe? Hapana. Siwezi. Kutoboa ukuta ningeweza, hilo siwezi.

Osmund nimempitia jioni, tukanywa pombe ya komoni kidogo kwa Makarius. Akanicheka mpaka akapaliwa. Akasema mwambie bwana, mwanamke mwenye akili ataelewa. Osmund hajaoa.

Kristali imefika na basi. Si yenyewe. Wamemletea ya saa ya ukutani.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimepata njia! Nimekata waya mrefu zaidi, nikahamishia bodi kwenye kigoda kando ya sanduku. Skrini imebaki mezani na kitambaa chake, maua yake, heshima yake yote. Skrini haidhuriki. Bodi inapata hewa.

Mchana wote JOTO 37.7. Hata Benigna ameona, akasema naona leo lugha ya mashine imekuwa Kiswahili.

Akauliza kwa nini nimehamisha. Nikasema ni vizuri ikikaa karibu na mayai. Kwa upande fulani ni kweli. Akaiangalia bodi pale kwenye kigoda, waya zikining'inia. Akasema sasa hii imebaki uchi.

Sikutilia maanani.

Alhamisi, 22 Oktoba

Kumbe jana na juzi, jioni zote mbili, alikuwa na mfuko wa nyuzi mapajani. Nilidhani ni mambo ya kanisa.

Leo ametoka jumuiya akaniita. Akakunjua. Kitambaa kidogo, kipimo cha bodi hasa — amekipima kwa mkono nisione. Kimeshonwa na bitana ili kisipinde. Pembeni amedarizi vifaranga wa njano, wamefuatana mstari, na yule wa mwisho amegeuka nyuma kama amesahau kitu. Wenzake wa jumuiya wamekiona, anasema. Wamecheka. Kila mmoja anataka.

Akakitandika mwenyewe juu ya bodi. Akarudi hatua moja nyuma, kichwa upande, kama anavyoangalia gauni la biarusi.

Kile cha kwanza alikishona kwa ajili ya televisheni. Hiki amekishona kwa ajili ya kitu changu. Nikamwambia ni kizuri. Ni kizuri kweli! Nilitamani kumshika mkono, nikamshika.

Saa moja baadaye skrini: JOT? 37~7.

Na balaa lingine. Kipimajoto, wakati nakikung'uta, kimenichomoka. Zebaki imekimbilia chini ya kabati. Kwa hiyo sina kipimajoto, sina skrini, na usiku wa jana nimesikia yai moja likigonga kwa ndani.

Nimejaribu kuingiza viberiti viwili chini ya kitambaa, kipate upenyo. Nimegeuka, ameshavitoa, akaniuliza kwa nini naficha viberiti. Nimesema nafuta vumbi. Akasema amefuta.

Kesho asubuhi namwambia. Lazima. Ni mayai ya watu, na aliyeweka dhamana ni yeye.

Ijumaa, 23 Oktoba

Asubuhi sikumwambia. Niandike ukweli. Alikuwa amehamishia cherehani sebuleni ili awe karibu na sanduku, anaimba chinichini huku anashona. Nikasema akimaliza wimbo. Alikuwa na nyimbo nyingi.

Saa sita skrini ilikuwa meno ya msumeno kutoka juu hadi chini. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko wa sanduku. Vuguvugu. Lakini vuguvugu ya ngapi? Kiganja hakisemi. Balbu zilikuwa zinawaka. Nikasubiri zizimike. Hazikuzimika. Nikaanza kutokwa jasho na sikujua kama ni mimi au ni sanduku. Nikageuka, nikasema, "Mama Noela..."

Akainua mkono. "Nyamaza!"

Tukasikia wote. Piii. Ndogo sana, kama mlango wa mbali unaohitaji mafuta. Tena — piii.

Balbu zikazimika zenyewe, tiki. Zilikuwa na sababu zao.

Benigna ameshapiga magoti. Tukachungulia kwenye kioo cha ubavuni. Yai la Mama Otilia! Limepasuka katikati ya jina lake, na kidomo kinatoka. Tumekaa pale, mabega yamegusana. Yai likajigeuza, likapumzika, likajigeuza. Halafu ganda likaachana vipande viwili na kifaranga akaanguka, ameloa, mbaya kama kitu kilichotolewa kwenye supu. Akajiburuta. Akafika ukingoni mwa trei, kwenye ile nafasi ambayo siku zote nasema nitaiziba. Akadumbukia upande wa balbu.

Mimi niliganda. Benigna hakuganda. Alifungua mfuniko, akanyoosha mkono mwingine akachukua kitambaa kilichokuwa karibu, akamdaka nacho, akafunga. Yote kwa pumzi moja. Akakaa sakafuni, kifaranga kifuani, amemviringisha na vifaranga wa njano, anampulizia usoni. Anamwambia pole. Pole mwanangu, pole.

Kifaranga akafumbua jicho moja. Nikasema ni mzima. Nilikuwa nalia kidogo, sijali.

Sijui tumekaa muda gani. Tulisahau mashine. Aliyeiona kwanza ni yeye, maana ameelekea mezani. Akasema, "Baba Noela, tazama. Imepona."

J~T? 37.}. Chini yake, JOT? 37.7. Chini yake, JOTO 37.7. JOTO 37.7. Mstari baada ya mstari, safi kama maji.

Alifurahi. Nimeona uso wake ukifurahi. Halafu ukatulia. Akaiangalia bodi kwenye kigoda, uchi. Akakiangalia kitambaa mikononi mwake. Akaweka kiganja juu ya bodi, akakiondoa haraka, maana bado ilikuwa ya moto. Akageuka kukiangalia kile cha zambarau juu ya skrini, akakiangalia sana. Nilijua anahesabu Jumapili zote, kama nilivyohesabu mimi.

Akauliza, taratibu kabisa, "Umejua tangu lini?"

Nikatazama ua kubwa la zambarau. Akanipa kifaranga nimshike, akainuka, akaingia chumbani. Nimesikia mfuniko wa sanduku lake, lile la vitenge. Umefunguliwa. Haujafungwa.

Naandika kwa mkono mmoja. Kifaranga yuko kwenye kikombe cha mkono mwingine, ameanza kukauka. Sandukuni yai la nyota linagonga, na la msalaba pia. JOTO 37.7. Kitambaa kidogo amekwenda nacho. Cha zambarau bado kipo juu ya skrini na mimi siwezi kukigusa.

Anatoka.

Ana mkasi, na mkebe wa sindano. Hajanitazama. Amekaa mkekani kando ya kigoda, ametandaza kitambaa gotini, amepitisha kidole katikati ya mstari wa vifaranga kana kwamba anatafuta pa kuanzia. Sasa ameinua uso. Macho mekundu. Ananiuliza:

"Hii mashine yetu inapumulia wapi?"